Nyumba ya Wazee: Je, Yafaa Kuiuza?

Siku moja tuliitwa kutoka hapa Mkange kwenda Bagamoyo, kwa kuwa mwalimu hudhaniwa kuwa ajua kusoma hati zote. Jamaa watatu walitaka kuuza nyumba ya mawe ya babu yao, nao walihitaji mtu wa kuwasomea mapatano na kuwa shahidi. Tulivuka Mto Wami, tukafika, tukasoma. Majina yalikuwa sawa, warithi wote walikuwapo, na mnunuzi hakuficha neno. Tukatia sahihi. Ndipo bibi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi barazani muda wote, akasema, "Mwalimu, umesoma vizuri. Sasa nisomee na pale palipoandikwa nitalala wapi."

Hapakuwa na mahali hapo. Bibi yule hakuwa mrithi. Alilelewa katika nyumba ile tangu utoto, akawauguza wazee wake mpaka wakafa, akafagia ua kila asubuhi, akakinga maji kwa sufuria kila dari ilipovuja. Sheria haikumtaja, nasi hatukumwuliza. Tangu siku ile twajiuliza: Je, yawezekana mauzo yawe halali, na bado yasiwe ya haki?

Wasomaji wetu waijua Bagamoyo. Mji ule ulikuwa makao makuu ya Wadachi mpaka mwaka 1891, serikali yao ilipohamia Dar es Salaam. Biashara ikaifuata serikali, wenye nyumba wakatawanyika, na nyumba zikabaki mikononi mwa wana, kisha wajukuu, kisha vitukuu. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi kumi, huyu yupo Tanga, huyu Unguja, huyu Maskati, wala hapana hata mmoja aonaye kuwa ni kazi yake kupanda juu na kuziba tundu. Nazo nyumba hizi hazivumilii kuachwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Maji yakiingia kwa juu, udongo hulainika, boriti huoza, na ukuta hufumuka. Hata saruji, ambayo wengi huidhani kuwa ni dawa, hufungia unyevu ndani ya ukuta, hali chokaa huuacha utoke.

Kwa hiyo hatuwezi kuungana na wale wasemao ya kwamba kuuza nyumba ya wazee ni dhambi. Wao hutaja methali, "Mkataa kwao ni mtumwa." Neno ni la kweli, lakini mtu aiachaye nyumba ya babu yake inyeshewe hata ianguke, huku akijisifu kuwa hakuiuza, huyo ameiuza kwa mvua, wala hakupata bei. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakafa watu wawili. Ikiwa jumba la Sultani, lililo katika mji uliohesabiwa kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000, laweza kuanguka, je, nyumba zetu zitasalimika kwa kutazamwa tu? Torati nayo, katika Mambo ya Walawi sura ya 25, iliruhusu nyumba iliyo ndani ya mji wenye boma iuzwe daima; ila ilimpa mwenye kuuza mwaka mzima wa kuikomboa. Basi kuuza hakukukatazwa, bali haraka ilitiwa lijamu.

Walakini nyumba haifanani na gunia la ufuta. Gunia likiuzwa, hapana mtu aliyekuwa akilala ndani yake. Wazee wa pwani walilijua jambo hili, hata baadhi yao wakaziweka nyumba zao wakfu, zisiuzwe wala kurithiwa, ili jamaa na maskini wapate pa kukaa. Hata sheria za nchi zalijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe, ijapokuwa hati ina jina la mmoja tu. Maana yake ni kwamba kukaa ndani ya nyumba huzaa haki ambayo jina katika karatasi halitoshi kuifuta.

Mtu atasema, "Bibi yule si mke wala mtoto. Akipewa chumba leo, kesho kila mpangaji atadai chake." Neno hili si dogo, nasi tumelifikiri sana. Jibu letu ni hili. Mpangaji hulipa kodi, hukaa, huondoka, na hesabu yake imekwisha. Lakini bibi yule alifanya kazi miaka mingi bila mshahara, na kama si mikono yake nyumba ingalikuwa kifusi zamani, na wale watatu wasingalikuwa na kitu cha kuuza. Basi sehemu ya bei ile ni jasho lake. Kumpa si sadaka. Ni kulipa deni.

Mnunuzi naye ana wajibu. Akiona mtu ndani ya nyumba, asiseme, "Hilo ni lao." Na asiing'oe milango ya nakshi akaiuze mbali, akiacha kuta kama mdomo usio na meno.

Lakini twaanza na lawama yetu wenyewe. Shahidi hakuitwa ahesabu majina tu. Tuliwarudia wale jamaa, tukawaeleza haya. Wawili walikubali kutoa sehemu ya fedha zao, na bibi akapangiwa chumba karibu na soko. Wa tatu alikataa, akasema sahihi yetu yatosha kuonyesha kwamba mambo yalikuwa sawa. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Sasa tukiitwa kusoma hati ya nyumba, kabla ya kuifungua karatasi huomba kwanza kuonyeshwa vyumba vyote, na katika kila chumba huuliza, "Nani hulala humu?"