Maharage Yakiwa Jikoni

Mwanangu,

Juzi uliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba tangu Ramadhani hujamaliza hata kitabu kimoja. Marejesho kila Alhamisi, mtoto ana kikohozi, na kazini wanapunguza watu. "Shangazi, nimekuwa mjinga," ukasema. Hujawa mjinga, umechoka. Mjinga na mchovu hawatibiwi kwa dawa moja.

Kwanza, kitabu usikifanye mdai mwingine. Wadai unao wa kutosha, na hao wa mikopo ya kausha damu hawahitaji msaidizi. Siku hizi watu wanajiwekea idadi, vitabu hamsini kwa mwaka, na wanatangaziana. Sina ugomvi nao, ila naona hesabu hizo zilipigwa na mtu aliyeshiba usingizi. Wewe soma kiasi ambacho ungeona haya kumtajia mtu: ukurasa mmoja, au nusu yake. Usiku ukishindwa kabisa, lala, na kesho usijaribu kulipa deni la jana.

Hili nililijua mwaka ule nilipomuuguza bibi yako. Hospitali siitaji jina. Tulikaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, faili likapotea, likaonekana, likapotea tena. Mkobani nilikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, nakala iliyoachia gundi mgongoni. Ukurasa uleule niliuanza mara nne, macho yanatambaa juu ya maneno kama nzi juu ya kioo. Bibi yako alikuwa ananitazama tu. Mwisho akasema, "Kama huelewi, nisomee mimi."

Nikasoma kwa sauti ya chini. Mama mmoja mwenye mfuko wa machungwa akasogea karibu, akataka kujua huyo Karama kashtakiwa nini. Nikamwambia kosa lake ni kuleta elimu ya sheria katika nchi yake. "Kumbe hilo nalo kosa?" Akacheka mpaka muuguzi akageuka, kisha akamenya chungwa, akatugawia. Faili lilipatikana saa tisa. Tangu siku ile, kichwa kikikataa kusoma, naupa ulimi kazi. Na wewe unaye mtoto wa kumsomea. Kikohozi hakizuii masikio.

Tena, wakati wa dhiki usianze kitabu kigeni. Kitabu kigeni kina desturi zake: ushike majina ya watu, ujue nani mtoto wa nani, uvumilie kurasa arobaini ndipo utambue umefika wapi. Ulichokwisha kukisoma ni kama nyumba ya jirani, unaingia na kanga yako ya jikoni. Wapo watakaokuambia kurudia ni kupoteza muda. Waambie wafungwa wa Kisiwa cha Robben, kule Afrika Kusini, walikuwa na muda mwingi, na bado walirudia. Mmoja wao, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na juzuu la tamthilia za Shakespeare. Alilibandika kadi za sikukuu ya Wahindu, akawaambia askari ndiyo Biblia yake. Likapita kwa wenzake mkono kwa mkono, kila mmoja akaweka saini kando ya kifungu kilichomgusa. Mandela alitia yake Desemba 16, 1977, kwenye Julius Caesar, pale Kaizari anapozungumzia woga na kifo. Mchezo huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa ameutoa kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida mezani. Hebu nawe tafuta kifungu chako kimoja, ukitie alama ya penseli.

Muda wa kusoma usiutafute, hutauona. Uegemeze kwenye jambo ambalo lazima ulifanye. Mimi nasoma maharage yakiwa jikoni: nikishaongeza maji nakaa kwenye kigoda, na simu naiacha chumbani, kwa sababu magrupu ya michango hayana huruma. Maharage yameungua mara mbili. Shemeji yako mmoja bado ananikumbusha.

Sasa adabu, maana hapo ndipo wasomaji tunapoharibu. Kitabu kisiwe pazia la kuwakimbia watu wa nyumbani. Mumeo akikueleza ya kazini, kifunge, na usiache kidole katikati ya kurasa. Kile kidole kinamwambia unangoja amalize. Cha kuazima kirudishe hata kama hukukimaliza, na usikirudishe na alama za mafuta. Pia usimhubirie mwenzako mwenye shida zake kwamba kusoma kutamtuliza, mpelekee unga. Na wewe mwenyewe, usingizi ukikukimbia wiki baada ya wiki, nenda kamwone daktari. Kitabu hakiwezi kila kitu.

Ile Kusadikika nimekutumia kwa basi la asubuhi, kwenye bahasha ya kaki. Kaichukue kituoni kesho jioni, mzigo nimeshaulipia. Nimeifunga kwa mpira wa kufungia hela ili kurasa zisitawanyike. Ukikuta ukurasa una doa la njano, usijaribu kulifuta. Ni lile chungwa.

Shangazi yako.