Kimya cha Rameswaram kina wenyewe

Matangazo ya utalii hupenda kuuza ufukwe tulivu kama kitu kisicho na historia: mchanga mweupe, maji maangavu, hakuna mtu. Kasoro imo katika hayo maneno mawili ya mwisho. Ufukwe usio na mtu mara nyingi ulikuwa na watu, au bado unao ila mpiga picha amewakwepa. Mfano mzuri ni Rameswaram, mji wa hija wa Wahindu ulioko kisiwa cha Pamban, jimbo la Tamil Nadu, kusini mashariki mwa India. Msafiri anayeufuata kwa ajili ya bahari peke yake, akalipa kisogo hekalu na wavuvi, atapumzika vizuri tu, lakini hatajua mapumziko yake yamelipiwa na nani. Kwa maoni yangu kutojua huko ni utovu wa adabu.

Kwa Wahindu, Rameswaram ni moja ya pembe nne za hija ya India. Nyingine ni Badrinath katika milima ya Himalaya, Puri upande wa mashariki na Dwarka magharibi. Hekalu lake, Ramanathaswamy, lina ukumbi mrefu wenye nguzo zaidi ya 1,000, na lina visima vitakatifu 22. Masimulizi yanasema kwamba Rama, baada ya kumshinda Ravana mfalme wa Lanka, alitaka kumwabudu Shiva, akamtuma mfuasi wake Hanuman mlima Kailash kuleta lingamu, yaani alama ya mungu huyo. Hanuman akachelewa. Sita, mke wa Rama, akafinyanga lingamu nyingine kwa mchanga wa ufukweni, na ibada ikafanyika. Hadi leo zote mbili zimo hekaluni, na desturi ni kuanza na ile ya Hanuman, ili aliyehangaika safari ndefu asijione kuwa jasho lake limekwenda bure. (Kati ya visa vyote vya mji huu, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine.) Hujaji huanza kwa kuoga baharini mbele ya hekalu, kisha huzunguka visima vile kimoja baada ya kingine akimwagiwa maji kwa ndoo, nguo zikimchuruzika. Wapo wanaobeba mchanga wa hapa hadi mto Ganges, na wakabeba maji ya Ganges kuja kuiosha lingamu. Mchanga anaoukanyaga mtalii kwa hujaji ni amana ya kusafirishwa nchi nzima. Hapo ndipo wasafiri hawa wawili wanapoachana: mmoja amefika kuchukua pumziko, mwingine amefika na kitu mkononi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakituonya kuhusu yatakayofuata. Huko Dhanushkodi, ncha ya kisiwa iliyo kilomita zipatazo 20 kutoka hekaluni, mshindo ulitangulia. Hadi mwaka 1964 Dhanushkodi ulikuwa mji wenye stesheni ya reli, forodha, posta na kanisa. Abiria waliotoka Madras kwa treni walishuka pale, wakapanda meli kuvuka mlango wa bahari hadi Talaimannar, katika nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Usiku wa kuamkia 23 Desemba 1964 kimbunga kiliiinua bahari ikaufunika mji. Treni iliyokuwa ikikaribia stesheni ilisombwa pamoja na abiria zaidi ya 100. Serikali ikatangaza kwamba mahali hapo hapafai tena kuishi watu. Kuta za kanisa zimesimama mchangani bila paa, na tangu 2017 barabara ya lami huwafikisha wageni hadi pale nchi kavu inapoishia. Huo ndio ufukwe unaosifiwa kwa utulivu wake. Sisemi watu wasiende. Lakini anayejipiga picha za madoido mbele ya kuta zile bila kuuliza paa lilikwenda wapi, anacheka matangani bila kujua kuwa pana matanga.

Halafu watu wapo. Familia za wavuvi zingali zinaishi Dhanushkodi katika vibanda, na kisiwa kizima hula kutokana na bahari. Kaskazini mwake ni Ghuba ya Palk, kusini ni Ghuba ya Mannar, na pepo za msimu, zile zile tunazoziita kusi na kaskazi, ndizo zinazoamua upande upi utachafuka na upi utalala. Kila mwaka, kuanzia 15 Aprili hadi 14 Juni, boti za kukokota nyavu hukatazwa kuvua ili samaki wazaliane. Mgeni anayefika mwezi Mei huiona bahari tupu akafurahi. Kwa baharia wa boti zile ni siku 61 za kutegemea posho ndogo ya serikali. Tena kuna mpaka. Mwaka 1974 India na Sri Lanka zilikubaliana kuigawa bahari hiyo, kisiwa kidogo cha Katchatheevu kikaangukia upande wa Sri Lanka, na mpaka leo wavuvi wa Rameswaram hukamatwa wakidaiwa kuuvuka. Wenzao Watamil wa ng'ambo nao wana lao: wanasema nyavu za kukokota kutoka India zinawafagilia samaki wao. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachokiona ni kwamba bahari inayoonekana tulivu kutoka kwenye kiti cha hotelini ina ugomvi wa riziki ndani yake.

Atasema mtu: bahari haina mwenyewe, mtalii analipa chumba na chakula, anadaiwa nini tena? Hoja hiyo ina nguvu, maana fedha ya mgeni hulisha nyumba nyingi. Lakini bei ya chumba hailipi kila kitu. Mwaka 2005 serikali ya India ilizindua mradi wa Sethusamudram, wa kuchimba njia ya meli katika mafungu ya mchanga yanayotoka Dhanushkodi kuelekea Sri Lanka. Mafungu hayo Wahindu huyaita daraja la Rama, na wengine huyaita daraja la Adamu. Waumini walipinga kwa sababu ya imani. Wanamazingira walipinga kwa sababu ya matumbawe, nyasi za bahari na nguva wanaozila. Wavuvi wakahofia mazalio. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya nchi ikasimamisha uchimbaji kwenye mafungu hayo. Mtalii aliyekuja baadaye akayakuta maji hayajatibuliwa hakutoa hata senti katika kazi hiyo. Iwapo watu walikitetea kitu kwa miaka kabla hujafika, heshima ndiyo kodi ndogo kabisa unayoweza kuwalipa.

Pingamizi kubwa zaidi linawahusu mahujaji wenyewe. Ni kweli kwamba ufukwe wa mbele ya hekalu huachiwa nguo kuukuu na plastiki na watu waliokuja kutakaswa. Siwatetei. Ila hukumu yao imo ndani ya mji wao. Januari 1897 mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, akitoka Marekani na Ulaya, aliteremka Pamban, akazungumza katika hekalu hili hili. Aliwaambia waliomsikiliza kwamba ibada ya kweli ni usafi wa moyo na kuwatendea watu wema, na kwamba anayemwona Shiva katika maskini na mgonjwa ndiye anayemwabudu kweli. Kwa kipimo hicho, hujaji anayemwachia mfagiaji taka zake hajamaliza ibada.

Na asiye Mhindu je, anayezuiwa kuingia chumba cha ndani cha hekalu, kwa nini ajali? Jibu ninalipata mtaa wa msikiti wa Rameswaram, alikozaliwa Abdul Kalam mwaka 1931, aliyekuja kuwa rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Baba yake, Mwislamu mcha Mungu, aliunda mashua ya kuwapeleka mahujaji wa Kihindu Dhanushkodi, na kuhani mkuu wa hekalu alikuwa rafiki yake wa karibu. Mwalimu mgeni alipomwondoa Kalam kwenye kiti cha mbele asikae na mtoto wa kuhani, ni kuhani mwenyewe aliyemwita mwalimu huyo akamkaripia. Watu hao hawakubadilishana dini. Kila mmoja alijua mwenzake anathamini nini, na alimchukulia kwa kadiri hiyo.

Anayepanga safari ya huko namshauri apite hekaluni kabla ya ufukweni, hata akiishia ukumbi wa nje. Anunue samaki kwa watu wa Dhanushkodi, abebe taka zake mwenyewe, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mvuvi picha, na aondoke kwenye ncha ile kabla ya giza kuingia. Akiona hayo ni mzigo, India ina pwani ya maelfu ya kilomita, na fukwe zilizotengenezwa kwa ajili ya starehe tu hazikosekani.