ZAKA NA MASKINI AFANYAE KAZI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawanyi wa riziki, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Limeenea katika vinywa vya watu neno hili, ya kwamba zaka ni haki ya asiye na kazi, na mtu akisha kuonekana atoka alfajiri kwenda kibaruani, basi jina lake hufutwa katika wahitaji. Kwa ajili ya neno hili utaona tajiri, ifikapo Ramadhani, ampa fedha kijana mwenye nguvu akaaye barazani mchana kutwa; na mbele yake apita hamali na rukwama lake, jasho lamtoka, wala haangaliwi, na hali ana watoto watano na ujira wake hauwafikishi mwisho wa juma. Watoto wa mjini hujifunza nini kwa haya? Hujifunza ya kuwa kazi ndiyo imkoseshayo mtu, na baraza ndiyo impayo. Na hili silo walilolisema wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu wetu Shafi'i (R.A.).

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tauba, aya ya 60, amewataja wenye kustahiki zaka mafungu manane. La kwanza mafakiri, la pili maskini. Katika midomo yetu maneno haya mawili ni kitu kimoja, walakini katika vitabu vyetu sivyo. Fakiri ni yule asiye na mali wala chumo lifikialo sehemu ya maana katika haja zake: ahitaji kumi, apata mbili au tatu. Maskini ni yule mwenye mali au chumo, lakini halimtoshi: ahitaji kumi, apata saba au nane. Basi angalia, ewe msomaji: maskini kwa maana hii aghlabu ni mtu wa kazi. Na hoja yao ni kisa cha Nabii Musa na Khidhri katika Sura ya Kahf, ambapo wenye jahazi waliokuwa wakifanya kazi baharini wameitwa maskini. Chombo walikuwa nacho, na kazi walikuwa nayo, na jina la umaskini halikuwatoka. Mvuvi wetu mwenye ngalawa yake na nyavu zilizotoboka, ambae watoto wake hulala na njaa siku za kusi, haifai kuambiwa, "Wewe una chombo." Wala hatakiwi auze nyumba akaayo wala nguo zake ndipo ahesabiwe mhitaji, Imamu Nawawi amelisema hili wazi katika Minhaji.

Ama yule kijana wa barazani, hukumu yake yataka uangalifu. Abu Daud na Nasai wamepokea ya kwamba katika Hija ya kuaga watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) wakiomba katika sadaka. Akawatazama juu na chini, akawaona wana nguvu, akawaambia ya kuwa wakitaka atawapa, walakini tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu awezae kuchuma. Hakuwapekua, wala hakuwafukuza. Aliwabainishia hukumu akawaachia dhamana yao wenyewe. Kwa hiyo awezae kuchuma cha kumtosha, akaacha kwa uvivu, kupokea zaka ni haramu kwake. Lakini wanavyuoni wameshurutisha ya kwamba kazi hiyo iwe halali, iwe yamwelekea mtu kama yeye, na apatikane wa kumwajiri. Asiyepata wa kumwajiri, zaka ni halali kwake, hata angekuwa na kifua kama cha ng'ombe. Aachae kazi kwa ajili ya ibada za sunna hapewi. Aiachae kwa kuwa yamzuia kusoma elimu ya dini hupewa, ikiwa kweli yuasoma. Nimelitia neno "kweli" kwa makusudi, kwani wako wanafunzi wafunguao kitabu siku ya kugawiwa tu.

Sasa atasema msemaji: ikiwa apatae nane huongezwa mbili, na apatae saba huongezwa tatu, kwa nini ajisumbue kuitafuta ya nane? Swali hili si la mpuuzi. Dola ya Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, yahangaika nalo mpaka leo: mfanyakazi wa ujira mdogo, akisha kupita kiasi alichosamehewa, hupunguziwa peni 55 katika msaada wake kwa kila pauni azidishayo kuchuma, na kabla ya mwisho wa mwaka 2021 zilikuwa peni 63.

Jawabu ya wanavyuoni wetu ni kwamba zaka haikuwekwa iwe posho ya kumshika mtu pale pale alipo. Mwenye ufundi hupewa thamani ya vyombo vya ufundi wake. Mwenye biashara hupewa rasilimali. Asiye na hili wala lile hupewa cha kumtosha umri wake, kwa kununuliwa milki yenye kumletea pato. Mshonaji akodie cherehani kwa nusu ya chumo lake, akinunuliwa yake mwenyewe, mwakani hatasimama mlangoni mwa mtu. Kinyume chake ni hii desturi ya kuwapanga watu mia mbele ya duka, kila mmoja akapewa cha kununua unga wa siku mbili, na mwakani wakarudi wale wale.

Na kisa cha shoka mwakijua. Abu Daud amekipokea kwa Anas, na wako walioisemea sanadi yake. Mtu wa Ansari alikuja kuomba, Mtume (S.A.W.) akamuuzia kitambaa chake na bakuli yake kwa dirham mbili, kisha akamtuma kukata kuni, na baada ya siku kumi na tano akarudi na dirham kumi. Wenye kuwaidhi hukisoma kisa hiki kuwakemea waombaji, nao huyaruka mambo mawili. Dirham ya kwanza ilikuwa ya chakula cha watu wake nyumbani, ndipo ya pili ikanunua shoka. Na mpini wa shoka lile Mtume aliutia kwa mkono wake mtukufu.

Limebaki jambo la matajiri wenye watumishi. Wako wampao mtumishi wa nyumbani au kibarua wa dukani zaka ya Ramadhani, naye akiomba kuongezwa ujira humwambia, "Si nilikupa?" Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, huko huko Uingereza, walikutana Speenhamland wakakata shauri kuwa kibarua ambae ujira wake haumnunulii mikate ya kumtosha yeye na watoto wake, aongezwe kwa kodi ya maskini. Baadae wenye mashamba walilaumiwa ya kuwa waliushusha ujira, wakijua kodi italiziba pengo. Na ilipotungwa sharia mpya mwaka 1834, mzigo ulimwangukia kibarua, akaambiwa akitaka msaada aingie nyumba ya kazi. Basi jueni, enyi matajiri: mtumishi wako akiwa maskini, yafaa kumpa zaka yako, kwa sharti ujira wake umempa kamili, na zaka hiyo haikusimama mahali pa kitu chochote umwiacho wala ulichomwahidi. Ukiitoa kwa nia ya kujipunguzia ujira, hukutoa zaka, umelipa deni; na zaka yako ingali shingoni mwako, yakupasa kuitoa tena. Na ujira uliobaki atakudai mbele ya Mola ambae, kwa hadithi iliyomo katika Bukhari, amejifanya Yeye mwenyewe hasimu wa mwenye kumwajiri mtu akaitimiza kazi yake kisha asimpe ujira wake.

Wallahu aalam.