Wazee Wetu na Sindano ya Tezi Dume

Wiki hii nawageukia wazee wetu wanaotibiwa saratani ya tezi dume, pamoja na mama zetu wanaolala nao kitanda kimoja bila kuambiwa kinachoendelea.

Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, testosteroni. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins alionyesha kwamba homoni hiyo ikizuiwa, ugonjwa hurudi nyuma. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo wengi huchomwa sindano kama goserelini, kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Dawa hiyo inarefusha maisha ya wengi, tumshukuru Mungu. Lakini mwili nao hubadilika. Joto hupanda ghafla usiku hadi shuka linalowa. Matiti yanaweza kuvimba na kuuma, misuli ikapungua, tumbo likaongezeka, mifupa ikadhoofika. Hamu ya tendo la ndoa huondoka, na nguvu pia. Wengine hushikwa na huzuni wasiyojua imetoka wapi.

Mzee hasemi. Mkewe anadhani amechokwa, au kuna mwingine nje. Ndoa ya miaka mingi inaingia ufa kwa jambo ambalo daktari angelieleza kwa dakika chache. Na yuko anayeacha sindano kimya kimya ili aurudishe uanaume wake. Hili ndilo linaloniumiza zaidi.

Biblia nayo inawajua wanaume waliopoteza uanaume huo. Kumbukumbu la Torati 23 ilimzuia mwanamume aliyehasiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Lakini katika Isaya 56, Mungu anawaahidi matowashi wanaolishika agano lake nafasi ndani ya nyumba yake, na jina bora kuliko la kuwa na wana na mabinti. Katika Matendo 8, Filipo anambatiza towashi wa Ethiopia palepale njiani. Mzee wangu, ikiwa Mungu hakumpima huyo kwa viungo vyake, wewe unajipimaje?

Nenda kliniki na mama. Ulizeni kuhusu mifupa, sukari na moyo. Mazoezi husaidia, na baadhi ya madhara yana tiba, kwa hiyo usiikatishe sindano kabla ya kuzungumza na daktari. Nanyi akina baba wa jumuiya, mnapomtembelea mgonjwa, utani wa jogoo asiyewika uacheni nje ya mlango.