Je, Ni Halali Kumnyima Jirani Njia?

Ninyi mnaojiandaa kwa Ubatizo, leo twataka kuchunguza neno moja ambalo huwagombanisha majirani wema, hata wale wanaosali pamoja. Ni neno la njia. Mtu akiwa na shamba lake, na jirani akataka njia ipite humo apate kufika kwake, je, mwenye shamba aweza kumkatalia bila dhambi?

Watu wa Butembo na Beni wajua vizuri jinsi neno hili linavyozaliwa. Butembo imejengwa juu ya vilima na mabonde. Barabara kubwa itokayo Goma yapita katikati yake kuelekea Beni, na kutoka Beni nyingine yaelekea Kasindi, mpakani mwa Uganda. Waliotangulia walijenga karibu na barabara. Waliofuata walijenga nyuma yao, na wengine nyuma ya hao, hata viwanja vipya vikapimwa mahali ambapo chukudu haiwezi kupita.

Tuchukue mfano wa kilima kimoja. Hatukitaji jina, kwa maana vilima vya namna hiyo ni vingi. Juu, kando ya barabara, wakaa wazee wenye migomba, maharagwe, na makaburi ya watu wao. Chini, bondeni, tajiri mmoja amenunua shamba kubwa, amelikata viwanja, na kuviuza kwa watu wengi. Kufika huko kuna kijia tu cha miguu. Siku moja wapimaji waja na kamba na vigingi, wasema: «Barabara ya viwanja vipya itapita hapa.» Na hapo wanapopanyoshea kidole ni migombani mwa wazee. Wazee wakutana jioni, nao wajibu kwa sauti moja: «Haipiti.»

Mzee wao asema: «Baba yangu alimletea mkubwa wa kilima mbuzi, akapewa shamba hili mbele ya mashahidi. Nimelilima miaka arobaini. Nani aliniuliza?» Na mtu wa bondeni ajibu: «Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha. Tulimbeba kwa tipoyi katika utelezi, tukaanguka naye mara mbili. Je, mgomba wapita mtu?»

Hapo mwanafunzi mmoja wa katekisimu atajibu upesi: «Amri ya saba yakataza kuiba, basi wazee wana haki.» Mwingine atajibu upesi vilevile: «Bwana Yezu ametuamuru kumpenda jirani, basi watu wa bondeni wana haki.» Kila mmoja amesema nusu ya ukweli. Nasi yatupasa kuziunganisha nusu hizo mbili.

HAKI YA MWENYE SHAMBA

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme twasoma habari za Naboti. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka, akaahidi kumpa shamba jingine zuri zaidi, au fedha. Naboti akakataa, kwa sababu ni urithi wa baba zake. Maandiko hayamlaumu hata kidogo. Wanaolaumiwa ni mfalme na malkia Yezabeli, waliomwua Naboti kwa mashahidi wa uongo wapate kulichukua shamba. Basi twajifunza kwamba mtu mdogo ana haki ya kusema «hapana» hata mbele ya mkubwa, na kwamba fedha peke yake hazimlazimishi mtu kuuza. Papa Leo XIII naye, katika barua yake ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kuwa na mali yake mwenyewe, matunda ya jasho lake.

Lakini tusome kwa makini. Ahabu alilitaka shamba lile kwa kusudi gani? Alitaka bustani ya mboga. Alikuwa na nyumba ya kifalme na mali tele. Hakupungukiwa na kitu cha lazima. Alipungukiwa na kiasi tu. Mtu wa bondeni siye Ahabu. Hatafuti bustani, atafuta mahali pa kupitia akimpeleka mgonjwa wake kwa mganga. Kwa hiyo mzee akisema, «Mimi ni Naboti,» na ajiulize kwanza kama aliye mbele yake ni Ahabu kweli.

MPAKA WA HAKI HIYO

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba yafaa mtu awe na mali yake na kuitunza, lakini katika kuitumia awe tayari kuwashirikisha wenye mahitaji. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulirudia fundisho hilo mwaka 1965: Mungu aliwapa watu wote dunia na vyote vilivyomo. Na Papa Paulo VI, mwaka 1967, alieleza kwamba pengine manufaa ya wote yaweza kudai hata ardhi ya mtu itwaliwe.

Hata pasipo vitabu, jambo hili laonekana kwa macho. Wewe mzee, ukienda kanisani, sokoni, au kwenye kinu, wapita juu ya ardhi ya nani? Kila njia unayoikanyaga ilikuwa zamani shamba la mtu, au malisho yake, au msitu wake. Hakuna aliyefika kwake kwa kukanyaga udongo wake mwenyewe tu. Baba yako naye alipitishwa na wengine. Basi njia ni deni tulilolikuta, nalo hulipwa kwa kuwapitisha wanaokuja nyuma yetu.

Watunga sheria wa zamani waliliona neno hili. Sheria kubwa ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliagiza kwamba mtu ambaye shamba lake limezungukwa na mashamba ya wengine, asiwe na pa kutokea, aweza kudai njia kwa jirani. Lakini iliongeza masharti: ailipe hasara anayoileta, na njia ipite mahali ambapo hasara itakuwa ndogo.

NAMNA YA KUOMBA NJIA

Kumbe haitoshi kwamba njia ni ya lazima. Yafaa pia iombwe kwa namna ya haki. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika mkewe Sara, Efroni Mhiti alitaka kumpa shamba bure. Abrahamu hakukubali. Alimpimia shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji. Alikuwa mgeni, mwenye uhitaji mkubwa, amefiwa. Walakini aliomba kwa heshima, akalipa thamani kamili, tena mbele ya mashahidi.

Sheria ya nchi yetu haiendi mbali na mfano huo. Sheria ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na watu wapewa haki ya kuitumia. Lakini Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, yasema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Angalieni neno hilo: yanayotangulia. Fidia iletwe kwanza, kisha jembe.

Mambo hayakwenda hivyo huko Nairobi, mtaa wa Kibera, mnamo Julai 2018. Kwa ajili ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, nyumba na shule zilibomolewa, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Barabara ilikuwa na faida, nani atakana? Lakini faida ya barabara haiwezi kumfunika mama anayelala nje na watoto wake. Wengine husema, «Wengi wape.» Methali hiyo yatuonya juu ya nguvu ya wengi, haitufundishi kwamba wengi hawakosei.

TUCHUNGUZE MIOYO

Sasa turudi kilimani. Wazee wamesema «haipiti». Je, ni kwa sababu gani? Akisema mmoja, «Mtapasua kilima bila kuchimba mifereji, na mvua italeta maji na udongo nyumbani mwetu,» huyo hakatai njia, akataa maangamizi. Yeyote aliyeona makorongo ya Butembo atamsikiliza. Akisema mwingine, «Hapa ni makaburi, pindeni upande ule,» naye ana haki. Na mjane ambaye shamba lake lote litaliwa na barabara, asiambiwe kwamba atalipwa baadaye. Itafutwe njia nyingine, hata ikiwa ndefu. Na isipopatikana, apewe kwanza shamba jingine la kulima.

Lakini akisema mtu, «Hao ni watu wa kuja,» hapo ameingia hatarini. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu wengi katika vijiji vya Beni, na mwaka 2024 vita viliwafukuza wengine kusini mwa Lubero. Wengi walikimbilia Butembo. Kumfungia njia aliyekimbia kifo, kwa sababu tu alichelewa kufika, ni kumpita majeruhi barabarani kama walivyofanya kuhani na Mlawi. Vilevile akisema mtu moyoni, «Hawana pengine pa kupita, basi nitawadai mara kumi,» huyo auza shida ya mwenzake.

Tena yuko mtu wa tatu, ambaye katika ugomvi huu hatajwi. Ni yule aliyekata viwanja na kuviuza. Alijua kwamba hakuna njia. Alipokea fedha kamili, kana kwamba njia ipo. Kisha amewaacha maskini wa bondeni wapigane na maskini wa juu, naye akaa kwake kwa utulivu. Aliuza kitu asichokuwa nacho. Amri ya saba yamhusu yeye kwanza. Fidia ya migomba, mifereji, na kazi ya barabara vyapaswa kutoka katika faida yake, wala si katika mifuko ya wanunuzi.

Jibu letu, basi, ni hili. Si halali kumnyima jirani njia asiyoweza kuishi bila hiyo. Wala si halali kumtwalia mwenzako shamba bila kumwuliza, bila kumlipa kwanza, na bila kuilinda nyumba yake. Wazee wa kilimani na watu wa bondeni waache kutazamana kama adui, waende pamoja kwa aliyeuza viwanja, kisha mbele ya wakubwa wa mtaa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu tangu 1966 hata 1997, anakumbukwa kwa kuwahimiza watu kujitengenezea njia kwa mikono yao wenyewe. Njia iliyochimbwa na wa juu na wa chini pamoja, siku ya salongo, haihitaji askari wa kuilinda.

MASWALI

1. Kwa nini Naboti hakukosa alipomkatalia mfalme?
2. Mtu wa bondeni atofautianaje na Ahabu?
3. Mwenye kuomba njia apaswa kufanya mambo gani matatu kabla ya kuanza kuchimba?
4. Katika mtaa wako, unapita katika shamba la nani ili ufike kanisani? Je, umewahi kumshukuru?