Je, Neno Nililolitoa Kwenye Simu ni Langu?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Katika insha hii ninataka kuuliza kama methali hiyo inayahusu maneno pia. Wengi wetu tunaojifunza Kiswahili hapa Bujumbura tunaandika tukiwa na simu mkononi. Ndani ya simu kuna kamusi, na ndani ya kamusi kuna orodha ya visawe. Unaandika neno moja, unapewa matano. Unachagua linalokupendeza, unaliweka kwenye insha, na mhadhiri anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Vizuri." Je, aliyesifiwa hapo ni nani? Ni mimi au ni simu? Na je, kuna kosa la kimaadili katika kutumia neno ambalo dakika moja kabla sikulijua?

Swali hili sikulipata katika vitabu. Lilinijia kwa aibu, na ni lazima nianze na aibu hiyo.

Mwaka jana mwenzangu wa darasa alifiwa na baba yake. Kwao ni Buyenzi, mtaa ambao watu wake wanazungumza Kiswahili tangu enzi za babu zao. Mimi nimezaliwa upande wa Gitega. Nyumbani kwetu tunazungumza Kirundi, na Kiswahili nilikutana nacho shuleni. Hata hivyo darasa zima lilinichagua mimi niandike barua ya rambirambi na kuisoma mbele ya familia, kwa sababu alama zangu za insha zilikuwa juu. Usiku ule niliandika "amekufa", nikaona neno ni kavu. Nikaandika "amefariki", nikaona ni la kila siku. Nikafungua kamusi ya visawe katika simu. Nikapewa: fariki, aga dunia, kata roho, kata kamba, hiliki. Hilo la mwisho sikuwahi kulisikia. Lilikuwa na sauti ya Kiarabu, nikajiambia kwamba familia ya Kiislamu italipenda. Nikaandika kwamba tumehuzunika kusikia mzee wetu amehiliki.

Nilipolisoma, uani palikuwa kimya. Shangazi yake alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Hakuna aliyenigombeza. Nilipomaliza, waliniambia ahsante, mwanangu, wakanipa chai. Juma lililofuata mwenzangu alirudi chuoni, akanivuta kando na kuniambia maneno manne: "Baba yangu hakuhiliki. Alifariki."

Nilikwenda maktaba, nikafungua kamusi ya kitabu. Kuhiliki ni kuangamia. Kwa watu wa nyumba ile, aliyehiliki ni aliyepotea, si aliyerejea kwa Mola wake. Mbele ya watoto wake na ndugu zake, nilikuwa nimetangaza kwamba mzee ameangamia. Na nilifanya hivyo kwa sababu neno lilinipendeza masikioni.

Baada ya siku ile niliacha kabisa kutumia kamusi ya simu kwa muda wa miezi miwili. Niliona ni dhambi. Lakini nilipotafakari zaidi, niliona uamuzi huo haukuwa sahihi. Nitaeleza kwa nini.

Hoja ya kwanza dhidi ya kamusi ya simu ni hoja ya uaminifu. Inasema hivi: insha ni ushahidi wa kile mwanafunzi anachokijua. Akijaza humo maneno asiyoyajua, anatoa ushahidi wa uongo. Hoja hii ina uzito kuliko nilivyodhani zamani. Wenzangu walinichagua mimi kwa sababu ya alama, na alama zile zilitokana kwa sehemu na maneno ya simu. Kwa hiyo waliniamini kwa msingi ambao haukuwepo. Laiti wangalijua kiasi halisi cha Kiswahili changu, wangalimchagua mwingine, na familia ile isingalisikia neno lile. Kumbe uongo mdogo wa darasani unaweza kutoka darasani ukaenda kumuumiza mtu msibani.

Lakini hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho inatufikisha pabaya. Ikiwa ni marufuku kutumia neno ambalo sikulijua jana, basi nitakufa na maneno niliyozaliwa nayo. Kila neno ninalolijua leo, kuna siku nilikuwa silijui. Tena hakuna mtu aliyeunda maneno yake mwenyewe. Mtoto wa Buyenzi aliyapokea kutoka kwa mama yake na majirani. Mimi nimeyapokea kutoka kwa mwalimu, kitabu na simu. Wote tumepewa. Kama kuazima ni kosa, basi hakuna msemaji yeyote duniani asiye na kosa.

Hapa kuna jambo la haki pia. Mwenzangu ana shangazi wa kumuuliza. Mimi kule Gitega sina shangazi anayejua Kiswahili. Kamusi ndiyo shangazi yangu. Na imenisaidia mara nyingi. Kwa Kirundi umuti ni dawa, lakini kwa Kiswahili mti ni ule unaoota shambani. Kwa Kirundi umuganga ni daktari. Kwa Kiswahili mganga mara nyingi ni mtu wa tiba za asili, ingawa katika serikali ya Tanzania kuna Mganga Mkuu wa Mkoa, naye ni daktari wa hospitali. Bila kamusi ningeendelea kusema Kirundi kwa matamshi ya Kiswahili. Anayetaka tuandike bila kamusi anasema, bila kujua, kwamba Kiswahili ni cha wale tu waliozaliwa ndani yake. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tunaambiwa Kiswahili ni chetu pia. Basi mlango wa kuingilia usifungwe.

Hoja ya pili dhidi ya kamusi ya simu ni ya zamani sana. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedrus, Socrates anasimulia kisa cha Theuth wa Misri aliyebuni maandishi na kumpelekea mfalme Thamus akiyasifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme alikataa sifa hiyo. Alisema kwamba maandishi yataleta usahaulifu, na kwamba wanafunzi wataonekana wenye hekima bila kuwa nayo. Kisa hiki kinatuhusu sisi wenye simu. Tofauti ni kwamba Plato mwenyewe alikiandika, ndiyo maana tunakijua. Hakuitupa kalamu. Alichotuonya ni kuridhika na sura ya ujuzi. Onyo hilo ninalikubali, kwani usiku ule nilitaka kuonekana ninajua. Sikuwa ninatafuta neno la kuwafariji wafiwa. Nilikuwa ninatafuta neno la kunipamba mimi.

Basi kosa langu lilikuwa wapi hasa? Ninaona kulikuwa na makosa mawili, na yote mawili si ya simu.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba visawe ni maneno yaliyo sawa. Jina lenyewe linatudanganya. Chukua kusema, kunena, kutamka, kuropoka, kubwabwaja. Yote yanatoka mdomoni, lakini ukiandika kwamba mhadhiri aliropoka kuhusu ngeli za nomino, usishangae ukiitwa ofisini. Chukua kula na kubugia. Mgeni wako amekula. Ukisema amebugia, umemtukana. Katika orodha ile ya simu, kata kamba lilikaa karibu na aga dunia kana kwamba ni ndugu, na hali moja ni la mzaha wa vijana na jingine ni la heshima. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyetoa kitabu chake maarufu cha visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo, si kwa alfabeti, ili msomaji apite katikati ya maneno na kuona jirani zake. Hata Kamusi ya Visawe ya Kiswahili ya Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka mwaka 1998, ukiishika mkononi unajua kwamba unasoma kitabu, unakwenda polepole. Simu haikupi nafasi hiyo. Inakupa maneno matano katika mstari mmoja, nawe unabonyeza.

Wittgenstein alifundisha kwamba, mara nyingi, maana ya neno ni matumizi yake katika lugha. Kama ni hivyo, basi orodha ya visawe hainipi maana, kwa sababu hainipi matumizi. Inanipa majina ya maana tu. Matumizi yako kwa watu: nani analisema, kwa nani, wakati gani, kwa furaha au kwa msiba.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilileta mbele ya watu neno nisiloweza kulidhamini. Tunajua dhamana ni nini. Ukimdhamini mtu kwa mkopo, siku akishindwa kulipa unaitwa wewe. Mtu anayesema au kuandika amelidhamini kila neno lake. Shangazi yule angeliniuliza palepale, "Mwanangu, kwa nini umesema kahiliki?" nisingalikuwa na jibu ila kumwonyesha simu. Na simu haiwezi kuomba radhi.

Kutokana na hayo ninapendekeza jibu hili: neno linakuwa langu pale ninapoweza kulijibia, hata kama nimelipata leo asubuhi kwenye simu. Na neno ambalo siwezi kulijibia si langu, hata kama nimelikariri tangu darasa la sita. Kwa kipimo hiki kamusi ya simu haina hatia, na mwandishi hawezi kujificha nyuma yake.

Mtu anaweza kunipinga hivi: mtoto mdogo husema maneno asiyoyaelewa, na ndivyo anavyojifunza, kwa nini mwanafunzi asiruhusiwe kukosea? Ninakubali kwamba ni lazima akosee. Lakini mtoto hukosea mbele ya watu wanaomsahihisha, na wanajua kwamba yeye ni mtoto. Mimi nilijifunika joho la mjuzi, kwa hiyo watu wa nyumba ile walinyamaza kwa heshima. Darasani ndiko mahali pa kujaribu neno jipya, tena ingefaa tulipigie mstari ili mhadhiri ajue kwamba tunalijaribu. Ningewaomba wahadhiri wetu nao wasitoe alama kwa neno gumu kwa sababu tu ni gumu. Mwanafunzi akijua kwamba "kufariki" sahihi lina thamani kuliko "kuhiliki" lisilo mahali pake, hatakimbilia orodha usiku.

Pingamizi la pili linahusu kamusi yenyewe. Kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sisi wa Ruanda-Urundi tulikuwa chini ya Wabelgiji. Mtu atauliza: kwa nini basi Mrundi atii kamusi ambayo haikukusanya maneno ya Buyenzi? Ninajibu kwamba hiyo ni sababu nyingine ya kutoiachia kamusi neno la mwisho. Kamusi inaniambia neno lipo. Kama linafaa kusemwa katika uwanja huu, mbele ya watu hawa, wataniambia wao wenyewe.

Sasa ninatumia kamusi ya simu kila siku. Nikipata neno jipya ninalitafuta katika kamusi ya kitabu, ninatafuta sentensi mbili ambamo limetumika, kisha ninamuuliza mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mwenzangu yule wa Buyenzi. Mara ya kwanza nilipomwendea na daftari langu nilikuwa na hofu. Alilisoma neno, akafikiri, akasema, "Hili shangazi analijua zaidi, twende ukamuulize." Tulikwenda. Nilimwomba radhi kwa lile la mwaka jana, kwa maneno ya kawaida kabisa ambayo ninayajua. Akaniambia yamekwisha, mwanangu, kisha akaniuliza nimekuja na neno gani.