Ukingo wa Njia

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuizungushia dari yake ukingo, maana watu wa nchi ile walikuwa wakikaa na kutembea juu ya dari. Pasipo ukingo, mtu akianguka, hatia ni ya mwenye nyumba. Basi twaona ya kuwa Mungu hamwulizi kama alimsukuma mtu. Amwuliza kama aliweka ukingo. Je, agizo hili lahusu nyumba tu, au na njia pia? Na kama lahusu njia, wajibu wetu waishia wapi?

Katika nchi ya Uholanzi, baada ya vita kwisha mwaka 1945, motokaa ziliongezeka sana, na njia zikapanuliwa kwa ajili yake. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa njiani, na katika hao watoto walikuwa zaidi ya 400. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye binti yake mdogo alikufa kwa kugongwa na motokaa, aliwaita wazazi wakatae mauaji ya watoto. Wazazi wakakusanyika, wakafunga barabara, wakawaendea wakuu kudai njia za baiskeli zilizo salama.

Serikali ikasikia. Katika miji ya Tilburg na Den Haag ikajengwa njia moja nzuri katika kila mji. Lakini ikaonekana kwamba njia moja haitoshi, kwa kuwa haifiki kila mlango. Katika miaka ya 1980 mji wa Delft ukaziunganisha njia za mji wote kama nyuzi za wavu, na wapandao baiskeli wakazidi.

Lakini mji nao una mpaka wake. Huko Denmark, nchi ambayo watu wake wengi ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi, mji wa Copenhagen na majirani zake walishauriana, na mwaka 2012 ikafunguliwa njia ya kwanza ya baiskeli ya namna hii, itokayo Copenhagen mpaka Albertslund, ikipita katika mji baada ya mji.

Huenda mtu akasema, "Mji wetu una shida zake, mbona tuwahangaikie wa mji mwingine?" Twamjibu hivi: mpaka ni mstari katika karatasi, lakini mwili wa mpanda baiskeli haugeuki kuwa chuma akiuvuka. Yule Msamaria hakuuliza kwanza majeruhi ni mtu wa wapi. Mzazi aombaye njia mbele ya nyumba yake ajiombea mwenyewe, wala si dhambi. Lakini aombaye njia ifike mji wa pili amwombea mtoto asiyemjua jina, na hapo ndipo upendo wa jirani unapojaribiwa.

Mwingine atasema kwamba kuwaendea wakuu si kazi ya Mkristo. Basi na akumbuke Katekisimu Ndogo. Katika amri ya tano Luther hakutufundisha kutoua tu, bali na kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake. Akaaye kimya huku ajua pahali watu wanapoangamia, hakuua kwa mkono, lakini hakuitimiza amri.

Ninyi waalimu na wainjilisti, mwendao kwa baiskeli toka mtaa hata mtaa, mwajua ilivyo basi linapopita karibu nanyi na kando ya njia ni shimo. Tukipata nafasi ya kusema mbele ya wakuu juu ya njia, tuseme kwa adabu, pasipo kuchoka. Wala tusiombe njia ifike kwetu tu. Tuombe ifike hata kwa jirani. Bwana atusaidie.